Singer 221 ya Marekani au 221K ya Uingereza kwa kushonea mifarishi ya kanga?

MamaZuhura_Tanga

Hodi humu. Naomba ushauri kwa wanaozijua cherehani za zamani, maana wauzaji wananingoja na nimeshindwa kuamua.

Nashona mifarishi ya viraka. Viraka vyenyewe ni vya kanga kwa sehemu kubwa, na vitenge pale ninapotaka rangi nzito. Cherehani yangu ni Butterfly ya miguu, imetulia kwenye chuma chake hapa nyumbani Ngamiani na inafanya kazi vizuri sana. Ila haibebeki. Kila Jumamosi tunakutana kina mama kushona pamoja, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na wenzangu wanapounganisha viraka mimi nabaki na mkasi na pasi. Nataka cherehani ndogo, niingie nayo kwenye bajaji nimeipakata, nifike niiweke mezani nishone.

Zile ndogo za plastiki nimeazima kwa watu na nimerudisha. Kanga ni nyepesi. Ukianza mshono kwenye kona ya kiraka, sindano inakisukuma kitambaa ndani ya tundu la chini, kinasokotana na uzi, na kona yote inaharibika. Kwa mtu anayeunganisha vipande vya inchi mbili mbili hiyo ni kazi bure.

Sasa, binti yangu yuko Columbus, Ohio. Ameona Singer 221, ile wanayoiita Featherweight, kwenye nyumba ambayo mwenyewe amefariki na wanawe wanauza vyombo. Wanataka dola 425. Inang'aa kama imetoka kiwandani jana, nembo yake ina ukingo wa buluu na imeandikwa 1851–1951, ina sanduku lake jeusi na kikopo cha vifaa. Upande wa pili wifi yangu yuko Leicester, ameona 221K kwa pauni 230. Hiyo nakshi zake za dhahabu zimefutika pale mkono unapopita, na sanduku linanuka uvundo.

Moyo wangu uko Ohio. Lakini hela si nyingi na nikinunua nimenunua. Mnasemaje?

Mwanaidi_Coventry

Salaam Mama Zuhura, na hongera kwa kazi. Mimi nashonea 221K hapa nyumbani kwangu, na wenzangu wengine huniita nikawakagulie kabla hawajalipa. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu pesa yenyewe ni ya jasho.

Mwambie binti aiache ile ya Ohio, na wifi aende akaione ile ya Leicester kwa macho yake. Siyo kwa sababu ya bei. Ni umeme. Cherehani ya Marekani imeundwa kwa volti 110 mpaka 120, na Tanga mna 230. Ile ya Uingereza imeundwa kwa umeme wa Uingereza, ambao ni sawa na wenu, hata soketi zenu ni zilezile za tundu tatu za mraba. Ukifika nayo unachomeka unashona. Hata hivyo asome kibati kilicho kwenye mota, kina volti zake, kwa sababu K ni alama ya kiwanda tu na siku hizi cherehani zinahamahama.

Hii K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kule Clydebank, Uskoti. Kilifungwa mwaka 1980, lakini stesheni ya treni iliyokuwa ikiwashusha wafanyakazi bado inaitwa Singer mpaka leo. Za Marekani zilitoka Elizabeth, New Jersey. Ukiilaza cherehani ubavu utaona namba chini ya kitako chake: za Elizabeth zinaanza na herufi A kisha nyingine, za Clydebank kwa kawaida E kisha nyingine. Modeli yenyewe ilianza kuuzwa 1933, ikaendelea mpaka miaka ya 1960. Mwili wake ni wa alumini, ndiyo maana ina kama kilo tano tu wakati cherehani za chuma za enzi hizo zilimtaka mwanamume mwenye mgongo.

Hiyo nembo ya buluu iliwekwa kwenye cherehani za mwaka 1951 kwa ajili ya miaka mia ya kampuni. Wauzaji wanaipandishia bei kwelikweli. Ndani ni cherehani ileile. Haishoni vizuri zaidi ya jirani yake isiyo na nembo.

Na hizo nakshi zilizofutika, mimi naziona ni sifa. Zinafutika pale anapopitisha mkono mtu anayeshona. Cherehani iliyoshonewa miaka yote imekuwa ikipata mafuta miaka yote. Iliyokaa kabatini inang'aa, lakini mafuta yake ndani yameganda na grisi ya mota imekauka ikawa kama nta.

Kuhusu kanga kutafunwa, hapo umechagua penyewe. 221 inashona mshono ulionyooka tu, haina zigizaga. Kwa hiyo tundu la sindano kwenye bamba lake ni la duara, dogo, linaipitisha sindano na basi. Zile za plastiki zina tundu refu la kupisha sindano iende kushoto na kulia, na humo ndimo kanga inamozama. Hata hivyo anza kila mshono ukiwa umeshika nyuzi zote mbili nyuma ya mguu wa cherehani. Usipozishika, uzi unaweza kuvutwa chini ukajisokota kwenye mzunguko wa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na gurudumu la cherehani likagoma kabisa.

Wifi akifika, kitu cha kwanza kabla ya kuulizia lolote: ainue ile meza ndogo inayokunjuka upande wa kushoto, aangalie chini ya sindano kama kile kikasha cha chuma kinachobeba bobini kimo. Kinachomoka chenyewe, kwa hiyo hupotea au huuzwa peke yake. Bila hicho haishoni hata hatua moja, na cha asili ni ghali.

FundiSalim_Barabara12

Shikamoo Mama Zuhura. Dada Mwanaidi ameongea ukweli, mimi naongeza ya kifundi.

Ile ya Ohio siyo kwamba haiwezekani. Mota yake ni ya brashi za kaboni, haijali kama umeme una mizunguko 50 au 60. Inachojali ni volti. Ukiwa na transfoma ya kushusha kutoka 220 hadi 110, ya wati 200 au zaidi, inatosha kabisa kwa sababu cherehani na taa yake kwa pamoja haifiki wati 100. Ila iwe transfoma ya kweli, yenye uzito wa chuma ndani. Vile vidude vyepesi vya wasafiri vya kuchomekea ukutani si vya kazi hii. Sasa mama, unatafuta cherehani nyepesi ya kwenda nayo kwa kina mama, halafu uibebee na transfoma? Na siku mtoto wa mwenye nyumba akiichomeka moja kwa moja? Niliwahi kuletewa moja ya Marekani iliyopata ajali hiyo. Ilikimbia kasi ya ajabu, taa ikapasuka, mota ikatoa moshi. Kuizungusha upya waya za mota ile ilikuwa gharama ya kununua cherehani nyingine.

Lakini mimi ningekushauri kingine kabisa: Singer 99K ya mkono. Nayo ni ndogo kuliko cherehani ya kawaida, inashona mshono ulionyooka, na inazungushwa kwa mpini. Umeme ukikatika wenzako wanaweka mikono mapajani, wewe unaendelea. Unashona hatua moja moja, sindano inasimama pale unapotaka. Kwa viraka ni nzuri sana, na mota haipo ya kuungua.

Jambo la mwisho. Ukipata yoyote kati ya hizi usiruhusu fundi aifute kwa spiriti. Ule mng'ao juu ya nakshi ni vanishi ya zamani, spiriti inaiyeyusha, na dhahabu inaondoka na kitambaa. Mafuta yaliyoganda kwenye vyuma vya ndani yanalainika kwa mafuta ya taa, tone moja moja, unazungusha kwa mkono, unafuta, kisha unatia mafuta ya cherehani. Kwenye mota usitie mafuta hata tone. Mota ya 221 ina vitundu vyake viwili vya grisi, na ni grisi laini tu inayoingia humo.

MamaZuhura_Tanga

Marahaba mwanangu Salim, na ahsante dada Mwanaidi. Mmenifungua macho.

Salim, 99K nimeifikiria sana kwa ajili ya umeme. Ila ni ya chuma, na bega langu la kulia halitaki tena kubeba. Pia mkono mmoja ukiwa kwenye mpini, unabaki mmoja tu wa kuongoza viraka, na mimi hupenda kushona viwili viwili mfululizo bila kukata uzi katikati, kama shanga kwenye uzi. Nahitaji mikono yote miwili mezani.

Wifi amekwenda jana. Nawaeleza alivyonieleza. Kibati cha mota kimeandikwa volti 200 hadi 250, sawa? Namba inaanza na EH. Gurudumu linazunguka kwa wepesi. Taa inawaka. Ile meza ndogo ya pembeni inakunjuka na kulala sawasawa na kitako. Lakini waya wa umeme ngozi yake imepasuka karibu na plagi, na alipoinua ile meza ndogo... hamna kitu. Kikasha cha bobini hakimo. Muuzaji anasema yeye aliikuta hivyohivyo, ilikuwa ya mama yake mkubwa.

Nimekata tamaa. Binti naye anapiga simu kwamba wa Ohio wameshuka hadi 390.

Mwanaidi_Coventry

Usikate tamaa, na usikimbilie Ohio. EH na volti hizo ni sawasawa kabisa na unachotaka.

Kwanza wifi amwombe muuzaji watafute vizuri: ndani ya trei ya sanduku, kwenye kikopo cha vifungo cha huyo mama yake mkubwa, droo ya nyuzi. Watu huchomoa kile kikasha wakisafisha. Kisipopatikana, ashushiwe bei. Hiki ni kiungo cha cherehani, si urembo. Vipya vinatengenezwa siku hizi na vinauzwa, nami nimeshona na kimoja bila tatizo, ingawa kikasha cha asili chenye alama ya Singer kinabana uzi kwa utulivu zaidi. Akiahidiwa bei nzuri, mimi nitampelekea wifi changu akajaribie hapohapo. Coventry na Leicester si mbali.

Waya uliopasuka ubadilishwe wote kabla cherehani haijawashwa tena. Siyo gundi, siyo nailoni. Mpira wa zamani ukianza kupasuka mahali pamoja, mahali pengine nako uko njiani.

Kikasha kinapoingizwa kuna kitu kimoja ambacho mkono wako lazima ukijue. Juu ya ile sehemu inayoshika bobini kuna kidole kidogo cha chuma kinachosimama. Kidole hicho kinatakiwa kikae ndani ya pengo lililokatwa chini ya bamba la sindano. Mtu akitoa bamba kusafisha vumbi kisha akalirudisha bila kuangalia, kidole kinakaa nje ya pengo, na hatua ya kwanza tu sindano inavunjika au chuma kinajikwaruza. Ukikirudisha, chungulia kwa pembeni, kisha zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako mara kadhaa kabla ya kukanyaga pedeli.

Na sindano ya 221 inakaa tofauti na Butterfly yako au na yoyote uliyozoea kuangalia kwa mafundi: ubavu bapa unatazama kushoto, na uzi unapita tunduni kutoka kulia kwenda kushoto. Sindano zenyewe ni za kawaida za cherehani ya nyumbani, namba 80 kwa kanga, 90 ukifika kwenye kitenge kizito.

Jaribio la mwisho la kufanya palepale kwa muuzaji: mpe wifi vipande vitatu vya kanga, kila kimoja upana wa inchi moja na nusu. Aviunganishe kwa mshono wa robo inchi kutoka ukingoni, apige pasi. Cha katikati kikitoka inchi moja kamili, na vyote pamoja inchi tatu na nusu, anayeshona na cherehani wanakubaliana. Kosa la milimita moja kwenye kila ukingo ni milimita mbili kwa kila mshono. Safu ya viraka 20 ina mishono 19, kwa hiyo mfarishi wako unapungua milimita 38 upande huo, na safu ya jirani aliyoshona mwenzako haitalingana na yako hata mkiivuta. Wewe mwenyewe unajua mnavyogawana safu kwenye kikundi.

Nyamvula_Kisauni

Jamani mada nzuri, nachangia kidogo upande wa kanga.

Mama Zuhura, ukitaka robo inchi ya kweli, anza na kanga yenyewe. Doti mpya ina wanga mwingi wa dukani. Ifue, ianike, iache ijikunje inavyotaka, ndipo uipige wanga wako mwenyewe kidogo na pasi ya moto, halafu ukate. Ukikata kabla ya kufua, mfarishi utajikunja siku ya kwanza ya kufuliwa na pindo zitavuta huku mji ukibaki umelegea.

Pia naomba useme ukweli kwa wenzako kwamba 221 ni ya kuunganisha viraka. Kushona tabaka zote tatu, juu, pamba na chini, kwa mfarishi wa kitanda kizima, nafasi kati ya sindano na nguzo ni ndogo mno, rundo la kitambaa linakwama. Na meno yake, yale yanayosogeza kitambaa, hayashuki, kwa hiyo yale maua ya kuchora kwa sindano huku unakisukuma kitambaa kila upande si kazi yake. 222K ndiyo yenye mkono wa kupitishia kitambaa na swichi ya kushusha meno, lakini bei yake ni nyingine kabisa. Mimi juu naunganisha kwa cherehani, tabaka tatu nazidarizi kwa mkono na uzi mnene jioni kwenye mkeka. Jina la kanga nalikata zima, naliweka katikati, na mstari wa mkono unalizunguka herufi kwa herufi. Hapo cherehani yoyote itasubiri.

MamaZuhura_Tanga

Nyamvula, sisi pia tabaka tunashona kwa mkono, tukizunguka mfarishi mmoja wanawake sita, kwa hiyo hapo sina wasiwasi. Jina zima katikati nimelipenda, nitalifanya kwa mfarishi wa mjukuu.

Habari njema: kikasha hakikupatikana, muuzaji ameshuka hadi pauni 175. Dada Mwanaidi amekwenda na chake mpaka Leicester, Mungu ambariki, vipande vitatu vimetoka inchi tatu na nusu. Wifi amelipa. Kikasha kipya kinaagizwa na waya unabadilishwa kulekule. Binti wa Ohio nimemwambia aache, akanikasirikia kidogo, amenielewa.

Cherehani inakuja na mpwa wangu mwezi ujao. Mambo mawili tu yamebaki: asafiri nayo vipi, na bobini nitazipata hapa Tanga?

FundiSalim_Barabara12

Bobini hapa hutapata mama, nakwambia mapema. Za Butterfly na za cherehani zetu za kawaida haziingii humo, na ukizilazimisha unaharibu kikasha kipya. Waambie wanunue huko, za 221 hasa, hata 20. Kila rangi ya uzi unataka bobini yake. Na mkanda wa akiba. Ukifika usiukaze sana, ukibonyeza kwa kidole ulegee kidogo, ukikazwa mota inalemewa.

Mwanaidi_Coventry

Nimeshamwambia wifi kuhusu bobini.

Safari: mpwa asiiweke kwenye begi la chini. Kilo tano anaingia nayo ndani ya ndege. Atoe sindano. Pedeli isikae ndani ya sanduku pamoja na cherehani, ni nzito na ikigongagonga itavunja kitu. Aifunge kwa taulo kwenye begi lake la nguo. Ile sahani ya chini yenye kitambaa cha kunyonya mafuta aifute vizuri kabla, isidondoshe njiani. Sanduku lenyewe nimelichukua mimi. Nimelifungua liko dirishani, ndani nimetia bakuli la makaa makavu, uvundo umeanza kupungua. Mpwa akipita Coventry alichukue hapa, tusilitume kwa posta.